MAPATANO KABLA YA KAZI

Barua zilizotufikia tangu mkutano uliopita ni nyingi kuliko desturi, na nyingi katika hizo ni za malalamiko. Hilo si ajabu, kwa maana mtu aliyeridhika hana haja ya kutafuta kalamu na wino. Lililotushangaza ni jambo jingine. Tulipozipanga juu ya meza tuliona ya kuwa zaidi ya nusu hazinung'uniki juu ya mishahara, wala nyumba, wala uhamisho, ambayo ndiyo mambo tuliyoyazoea. Zanung'unika juu yetu sisi kwa sisi. Huyu asema aliomba kunena asipewe nafasi. Yule asema mkutano ulimwahidi neno, na mkutano uliofuata ukakana. Wa tatu aandika, kwa wino mwekundu, kwamba shauri la tawi lake lilikatwa usiku barazani kwa mtu, na asubuhi wanachama wakaitwa kuja kupiga makofi tu.

Basi tumeziweka kando habari tulizokuwa tumezikusudia kwa ukurasa huu, ili tunene nanyi juu ya jambo moja: je, sisi tunaofanya kazi pamoja katika chama, tumekwisha kupatana jinsi ya kuifanya? Hatuulizi kama tunapendana. Twauliza kama tumepatana.

Tutaanza na habari ya tawi moja ambalo hatutalitaja jina, kwa kuwa wenyewe wametupa ruhusa ya kuisimulia kwa sharti hilo. Tarishi mmoja wa tawi hilo aliugua, akalala miezi minne, kisha akafariki dunia, akaacha mjane na watoto watatu. Alikuwa mwanachama tangu tawi lilipofunguliwa, na katika muda huo wote hakukosa kulipa ada yake ila miezi ile minne ya ugonjwa. Wanachama wakakutana ili kukata shauri la mchango wa msiba. Ndipo mmoja akasimama akasema kwamba, kwa mujibu wa katiba, mwanachama ni yule aliyelipa ada, na marehemu alikuwa na deni la ada. Basi alipofariki hakuwa mwanachama. Mwingine akamjibu ya kwamba mgonjwa si mdeni. Wa tatu akataka kwanza ijulikane kama mkutano wenyewe ni halali, maana tangazo lake lilibandikwa siku mbili tu. Watu hao watatu, wote makarani wakubwa, waliushika mkutano tangu saa kumi alasiri hata taa zikawashwa. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikuwako tarishi mwenzake marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa akimpelekea ada zake kwa Mweka Hazina. Aliinua mkono mara tatu. Hakuonekana. Watu wakatawanyika pasipo shauri kukatwa.

Walipokutana tena, baada ya majuma sita, mtu yule alipata nafasi ya kusema, na maneno yake hayakuchukua dakika mbili. Alisema kwamba alikwenda kwa Mweka Hazina na ada ya mwezi wa kwanza wa ugonjwa, na Mweka Hazina akamrudishia, akisema, “Mwambie anunue dawa, atalipa akipona.” Mweka Hazina akakiri ya kuwa ndivyo, alikuwa amenyamaza katika mkutano wa kwanza kwa kuogopa kwamba alitoa ahadi asiyokuwa na amri ya kuitoa. Shauri likakatwa papo hapo, na mjane akapewa mchango wote. Lakini arobaini ilikuwa imekwisha kupita, na cherehani ya marehemu, ambayo ndiyo ingalimlisha mjane na watoto, ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa bei ya mwenye shida.

Wako watakaosema kwamba watu wale wana roho mbaya. Sisi twawajua, na neno hilo hatulikubali. Yule aliyeshika katiba alikuwa akilinda fedha za wote, na mtu wa namna hiyo ni hazina kwa chama chochote. Yule aliyeuliza uhalali wa mkutano hakukosea kuuliza. Mweka Hazina alimhurumia mgonjwa, na huruma si kosa. Kilichokosekana ni mambo ambayo hapana siku watu wale waliketi wakapatana juu yake: nani hugawa zamu ya kunena, na kwa kipimo gani, neno la afisa wa chama litokalo kinywani lina nguvu kiasi gani, na jioni ikiingia, maneno yakiwa hayajaisha, shauri hukatwaje. Katika mambo hayo matatu, katiba haina hata moja.

Nasi hatuitukani katiba. Ipo, imepigwa chapa, imefungwa utepe, imo katika saraka ya Katibu. Lakini katiba yasema chama ni nini, na nani aingie, na ada ni kiasi gani, haisemi tutaketije. Cheti cha ndoa chasema fulani ameoana na fulani. Hakisemi nani atateka maji, wala nani ataamka usiku mtoto akilia. Mambo hayo wawili hupatana wenyewe, au hugombana.

Twajua pia kwamba hapana mkutano wa chama unaofunguliwa bila mtu kusema “umoja ni nguvu.” Tumelisikia neno hilo likisemwa na watu ambao saa moja baadaye walitoka kwa milango miwili mbalimbali.

Shida hii haikuanza kwetu. Mwaka 1863 afisa mmoja wa jeshi la Marekani, mhandisi kwa kazi yake, jina lake Henry Martyn Robert, alitakiwa awe mwenyekiti wa mkutano katika mji wa New Bedford. Hakujua taratibu za kuongoza mkutano, lakini alikubali. Ghasia ikatokea, naye akatoka mle kwa haya kubwa. Baadaye kazi ikampeleka San Francisco, mji uliojaa watu waliotoka kila upande wa nchi ile. Huko akaona jambo ambalo kila mtumishi wa Serikali aliyepata kuhamishwa atalitambua mara moja: kila mtu amekuja na desturi ya mikutano ya kwao, na kila mmoja adhani desturi ya kwao ndiyo sheria yenyewe. Hawakugombana kwa ubaya. Waligombana kwa kuwa kila mmoja alikuwa na haki kwa kanuni ambayo mwenzake hakuwahi kuisikia. Mwaka 1876 Robert akatoa kijitabu cha kanuni za mikutano, na kijitabu hicho kimetumika katika vyama vingi mno tangu siku zile.

Basi tujitazame sisi. Katika tawi moja aketi mtu wa Tanga karibu na mtu wa Bukoba, na wa Songea karibu na wa Kigoma. Mmoja amelelewa katika baraza ambako mdogo hamkatizi mkubwa, hata kama mkubwa amepotea njia. Mwingine ametoka mahali ambapo kunyamaza ni dalili ya kukataa, na wa tatu mahali ambapo kunyamaza ni dalili ya kukubali. Mwenyekiti akiuliza, “Mmekubali?” na wote wawili wakanyamaza, ataandika nini?

Ila hapo tuongeze tahadhari. Kijitabu cha Robert kimekua. Toleo la mwaka 2020 lapita kurasa 700. Twalijua tawi lililonunua kitabu cha namna hiyo likakifunga kabatini, na mtu mmoja tu ndiye aliyekisoma. Tangu siku ile mtu yule alikuwa kama mwenye bunduki katika kijiji cha wenye fimbo. Kila neno asilolipenda alilipiga kwa ibara, na wenzake, wasiojua kama ibara ile ipo au haipo, waliinama. Kanuni ambayo mmoja aijua na ishirini hawaijui si mapatano, ingawa imeandikwa vizuri namna gani.

Wapo walimu wa jambo hili walio karibu nasi zaidi, nao si watu wa vitabu. Tazameni upatu wa akina mama wa mitaani. Watu kumi hupatana kutoa kila mmoja fedha sawa kila juma, na kila juma mmoja wao huchukua zote, hata kumi waishe. Hatari yake mtoto aweza kuiona: aliyechukua juma la kwanza aweza asitoe juma la pili. Kwa sababu hiyo zamu hujulikana kabla ya senti ya kwanza kutoka mfukoni. Mgeni, ambaye hajajulikana, aghalabu huwekwa karibu na mwisho. Mtu akipatwa na msiba aweza kuomba zamu ya mwenziwe, na mwenziwe akiridhia, kijumbe huwaarifu wote, asije mtu akasema zamu imeuzwa kwa siri. Hapana katiba, hapana muhuri. Na upatu wao waenda mwaka baada ya mwaka. Sisi tusomao na kuandika kwa mshahara twashindwa kujua ni nani aliyeahidi nini mwezi uliopita.

Kwa nini wao waweza? Twadhani sababu ni kwamba kila sharti la upatu lina madhara yake yanayojulikana. Muulize mama yeyote kwa nini mgeni huchukua mwisho, naye atakutajia mwaka ambao mgeni alichukua kwanza akahama mji. Hakulipokea sharti lile kutoka kabati la mtu. Lilitoka katika hasara waliyoipata yeye na wenzake. Kwa hiyo hahitaji kulazimishwa alishike.

Jambo hilo hilo twaliona mbali sana na hapa, katika mji wa Rochdale, Uingereza. Mwaka 1844 watu 28, baadhi yao wafumaji wa nguo, maskini, walianzisha duka la ushirika, wakaanza na vitu vichache: unga, siagi, sukari, mishumaa. Maduka ya namna ile yalikuwa yamejaribiwa kabla yao, na mengi yalianguka kwa sababu ya mikopo. Wao walikata neno: hapana kukopesha, bidhaa hutolewa kwa fedha taslimu. Wakapatana pia kwamba kila mtu ana kura moja, hata kama hisa zake ni nyingi, na kwamba dini ya mtu wala siasa yake haitaulizwa. Tulitazame hilo la kwanza kwa makini. Waliolipitisha ni watu ambao wenyewe, juma la njaa likifika, ndio wangalikuwa wa kwanza kuomba mkopo. Walijijua. Walijifunga mikono wenyewe siku ya shibe, kwa ajili ya siku ya njaa. Hapo ndipo twaiona tofauti baina ya mapatano na amri: amri humfunga mwingine, mapatano humfunga kwanza yule aliyeyatunga. Mwenyekiti akileta kanuni kumi na zote zawahusu wanaochelewa, wanaosahau ada na wanaopiga kelele, wala hapana hata moja imhusuyo Mwenyekiti, wanachama watazipigia makofi na kuzisahau kabla ya kufika nyumbani.

Sasa tuingie katika jambo ambalo kwetu watumishi wa Serikali ni zito kuliko yote, nalo ni cheo. Katika ofisi cheo ni haki yake. Barua hupanda kutoka meza hii hata meza ile, na anayeruka meza hukemewa, na ni sawa, maana bila hivyo kazi ya watu ingepotea. Lakini desturi ya mchana kutwa haibaki ofisini mtu anapofunga kabati. Hutufuata hata mkutanoni. Karani mkuu akinena, karani mdogo husahau aliyotaka kusema. Si kwa kuogopa sana, bali kwa mazoea tu, kama mguu ujuavyo ngazi za nyumba yake. Na tarishi aliyeinua mkono karibu na mlango haonekani, kwa sababu macho ya yule aliyeketi mbele yamezoea kumwona tarishi pale tu anapoleta karatasi.

Kama mtu adhani kwamba kumtanguliza mdogo ni kuvunja heshima, na akumbuke mahakama za kijeshi za Waingereza. Hapana watu washikao vyeo kuliko askari. Hata hivyo, katika mahakama zile ilikuwa desturi ya kale kwamba, wakati wa kutoa rai, afisa mwenye cheo cha chini huanza, na wakubwa humalizia. Sababu yake ni wazi: mkubwa akitangulia, wadogo hawatoi rai tena, hutoa mwangwi. Wale hawakufuta cheo. Walikiweka nyuma kwa dakika chache, ili wapate kitu ambacho cheo hukizuia, yaani ukweli kutoka kwa yule aliyekuwako. Tawi lile la tarishi lingalikuwa na desturi hiyo moja tu, cherehani ingalikuwako nyumbani kwa mjane.

Twakumbuka pia wale waliotutangulia. Mwaka 1922, mjini Tanga, Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali, cha kwanza cha namna yake katika Tanganyika. Waliketi pamoja Waislamu na Wakristo, wakati ambapo watu wengi walidhani mtu wa chuo cha Kurani na mtu wa shule ya misheni hawawezi kuketi mkeka mmoja kwa shauri moja. Hatusemi kwamba hawakugombana. Twasema kwamba watu wasioswali pamoja, wala kusoma pamoja, wala kuzaliwa pamoja, hawawezi kushikwa na mazoea. Hapana budi washikwe na jambo walilolisema kwa vinywa vyao.

Neno la pili ambalo ni zito kwetu ni siri. Mwanachama aweza kusimama mkutanoni akasema jambo la ofisi yake kwa uchungu, na asubuhi mkubwa wake akamwita: “Nimesikia ulivyonena jana.” Mtu aliyepatwa na jambo hilo mara moja hatanena tena maisha yake yote, na walioona hawatanena pia. Twadhani hapana tawi lililokosa habari ya namna hii. Lakini ni matawi machache yaliyopata kuketi yakapatana ni maneno gani yatoke nje na ni yapi yabaki ndani. Na pasipo mapatano, aliyepeleka maneno aweza kujitetea kwamba hakuambiwa. Kwa maoni yetu, maazimio na yatoke, maana ni ya chama kizima. Bali jina la mtu aliyenena neno fulani lisitoke ila kwa idhini yake. Haya ni maoni tu. Tawi laweza kuona vingine. Lisiloweza ni kukaa bila kusema lolote.

Lugha nayo ina shauri lake. Mtu akinena kwa lugha ambayo nusu ya waliopo hawaielewi, amewatoa nje bila kufungua mlango. Juu ya kuchelewa hatutasema mengi, maana yamesemwa mpaka yamechoka.

Juu ya faini tuna mashaka. Matawi mengi hukimbilia faini kama vile mtoto akimbiliavyo fimbo. Lakini tumeona zaidi ya mara moja kwamba mwenye mshahara mkubwa hulipa faini akicheka, akaona amekwisha kununua ruhusa ya kuchelewa, na mwenye mshahara mdogo huacha kuja kabisa. Penye faini, mapatano hugeuka kuwa bei. Twaona yafaa zaidi kuwe na mtu mmoja, asiye Mwenyekiti, ambaye mkutano umempa ruhusa ya kusema neno moja tu: “Mwenyekiti, tumetoka katika mapatano yetu.” Asitoe hotuba, asitaje jina. Neno hilo tu, na mkutano urudi. Na kazi hiyo izunguke, asiifanye mtu mmoja mwaka mzima, maana hata anayelinda mlango hujiona mwenye nyumba.

Basi mapatano hufanywaje? Mzee mmoja, ambaye twamheshimu sana, ametuandikia kwamba watu wazima hawafundishwi kuketi. Kweli, hawafundishwi. Lakini hupatana mahali pa kuketi, kama wafanyavyo mabaharia kabla ya jahazi kutia nanga juu, maana bahari ikichafuka si wakati wa kuulizana nani ashike demani. Twashauri kila tawi liitishe mkutano mmoja usiokuwa na shughuli nyingine yoyote, wala fedha, wala uchaguzi, wala kesi. Mkutano wa namna hii ufanywe wakati wa amani. Ukifanywa katikati ya ugomvi, kila kanuni itakuwa mkuki uliochongwa kwa ajili ya kifua cha mtu fulani, na wote watamjua. Kila aliyepo aseme jambo moja lililopata kumdhuru, au kumzuia kufanya kazi, katika mikutano iliyopita, bila kutaja mtu. Na waanze wadogo. Yaandikwe ubaoni kama yalivyosemwa, yasirembwe. Kisha watu wachague yale machache wanayoweza kuyashika kweli. Yakipita ukurasa mmoja, yamezidi. Yasomwe kwa sauti, na kila mtu ajibu kwa kinywa chake ndiyo au siyo. Kunyamaza kusihesabiwe kuwa jibu. Atakayesema siyo, aulizwe ni nini kitakachomwezesha kusema ndiyo, na pengine neno moja tu likibadilishwa litamtosha.

Mapatano hayo yajaribiwe miezi mitatu, kisha yatazamwe tena. Lililoshindwa liondolewe bila haya. Na mgeni akihamia katika tawi, asipewe karatasi mkononi akaambiwa “hizi ndizo sheria zetu”; asomewe, aelezwe kila sharti lilitokana na nini, naye aulizwe kama ana neno. Huyo huyo aliyekuja jana ndiye anayeona kile ambacho sisi tumekizoea.

Kuna jambo moja lisiloweza kungoja miezi mitatu, nalo ni la kumbukumbu. Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari, na ahadi ni mali. Katika kila mkutano, kabla watu hawajasimama, Mwandishi asome maazimio ya siku ile: limekatwa shauri gani, nani atalifanya, na siku gani. Azimio lisilo na jina la mtu si azimio, ni dua. Na afisa wa chama akitoa ahadi nje ya mkutano, kama Mweka Hazina yule alivyomwahidi mgonjwa, ailete katika mkutano unaofuata iandikwe. Mkutano waweza kuikubali au kuikataa. Lakini mgonjwa atajua mahali alipo akiwa bado yu hai.

Isije mtu akasema kwamba sisi wa jarida hili twatoa dawa tusiyoinywa, na tuungame letu. Sisi ni watatu: mmoja huandika, mmoja hupiga stensili, mmoja huzungusha mashine. Wakati mmoja mwanachama alituletea habari yake, na mmoja wetu, kwa nia ya kuifanya iwe fupi, alikata sentensi tatu. Ikatokea kwamba katika zile tatu ndimo alimokuwa amesema kwamba hamlaumu mkubwa wake. Jarida likatoka, likasomeka kwamba amlaumu. Mwanachama yule alipata taabu ofisini, nasi tulipata taabu baina yetu, kila mmoja akisema kazi ya kumwonyesha mwenyewe haikuwa yake. Na kweli haikuwa ya mtu yeyote, kwa sababu hatukuwa tumepatana. Tulimwomba radhi katika toleo lililofuata, lakini taabu ilikuwa imekwisha kumpata. Sasa tuna mapatano manne, yamebandikwa ukutani juu ya mashine, na la kwanza lasema kwamba habari ya mtu haikatwi mpaka mwenyewe ameiona ilivyokatwa. Limetuchelewesha mara mbili. Ndiyo sababu toleo lililopita liliwafikia baada ya mwisho wa mwezi, na wengine mkatuandikia kwa ukali.

Mapatano mengine matatu hatuyaandiki hapa, makusudi, yasije yakanakiliwa na watu wasiozungusha mashine yetu.

Kwa hiyo twaomba kila tawi likutane kwa jambo hili kabla ya mkutano wa mwaka, na Mwandishi wa tawi amletee Katibu nakala ya waliyopatana. Tutayapiga chapa yote kama yalivyo, hata yakihitilafiana, maana twataka matawi yaone yale ambayo wenzao waliyapata kwa hasara. Tawi litakaloshindwa kupatana na liandike hivyo, na lieleze ni wapi lilipokwama; habari hiyo itatufaa kuliko orodha iliyonakiliwa. Karatasi ziandikwe upande mmoja tu, kwa wino mweusi, na hati isomeke, kwa kuwa mpiga stensili wetu macho yake si kama zamani, naye amepatana nasi kwamba asichoweza kukisoma hatakikisia.